Kaske ya macho: juu ya nini magoti yanaogopa shimo lenye haliko

Ku Panda, neno "kaske" ni la zamani. Lilikuja na Union Minière, likabakia na Gécamines. Baba anatoka asubuhi-asubuhi, kaske mu mukono, anaelekea ku Ateliers Centraux ao kule Shituru, na magaribi anarudi, mukaba wa kaske umeacha alama kwenye paji la uso. Kazi ya kaske ile ilikuwa moja tu: kukinga kichwa, sababu kitu cha kweli kinaweza kuanguka.

Sasa kuko kaske ingine, na vijana wa muji wa Likasi wanaijua, hata kama wengi wameiona tu mu video za simu. Hii inafunika macho. Ndani kuko picha mbili, moja ya kila jicho, na ukigeuza kichwa, picha nazo zinageuka. Watu wa vitabu wanaita kitu hicho uhalisia pepe. Mu barabara wanasema tu VR. Picha zake wakati mwingine ni za kawaida kabisa, sawa vile za muchezo wa watoto. Lakini unamuvalisha mutu muzima, mwenye akili timamu, unamuambia: "Uko mu salo, chini ni sima tupu, hakuna shimo." Yeye mwenyewe anakubali, ndiyo, hakuna shimo. Alafu magoti yanaanza kutetemeka.

Juu ya nini? Ulizo hilo linaonekana la muchezo. Lakini mu muji kwenye watu wanaishi karibu na mashimo ya kweli, na kwenye siku moja mwalimu anaweza kumuletea kijana kaske hii ili amufundishe kazi ya mugodi, jibu lake linaweza kugusa uzima wa mutu.

Shimo la Chapel Hill

Mu mwaka wa 2002, watafiti wane wa chuo kikuu cha North Carolina, kule Chapel Hill mu Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yenye mpaka leo yanatajwa kila mara mu kazi hii. Majina yao: Michael Meehan, Brent Insko, Mary Whitton na Frederick Brooks. Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Mutu anavaa kaske, anajikuta mu chumba cha kawaida. Anapita mulango, anaingia mu chumba cha pili, na pale sakafu haiko. Kumebakia tu kijia chembamba kando-kando ya ukuta, na kule chini, karibu metre 6, anaona vyombo vya nyumba. Anaombwa abebe kitu na kukipeleka kule ndani.

Walimupima mapigo ya moyo, jasho ya ngozi na joto ya mukono. Mu vipimo vyote vitatu, moyo njo ulijibu muzuri zaidi. Mutu akifika kwenye shimo, moyo unapanda mbio, hata kama mudomo wake unasema "hapana, niko sawa."

Kisha wakaongeza kitu kidogo tu: ubao wa kweli, unene wake karibu santimetre 4, wakaulaza chini pale penye picha inaonyesha ukingo wa shimo. Mutu akisukuma muguu mbele, vidole vinasikia ukingo. Mutoto wa miaka 2 anaruka ubao sawa ule bila kuuangalia. Lakini nao ukafanya moyo upige zaidi. Macho yalikuwa yamesema metre 6. Vidole vya muguu vikaja kutoa ushahidi kwamba ukingo uko kweli. Na mwili haukungojea akili ifike kwenye kikao.

Mutu wa Likasi hahitaji kupanda ndege ili ajue ukingo wa shimo. Kandokando ya muji huu, ardhi imetobolewa tangu miaka mia moja na zaidi, na mashini na mikono. Mwenye amepita karibu na shimo la wachimbaji wakati wa mvua anajua ile kitu yenye inashuka mu tumbo mbele akili haijasema hata neno moja. Mwili una haraka kuliko akili, na kuko sababu: mu historia ndefu ya wanadamu, mwenye alingojea kwanza kuhakikisha kama shimo ni la kweli hakuacha wajukuu wengi.

Ndiyo maana kusema kwamba kaske "inadanganya" mutu si sawa kabisa. Mwenye kudanganywa anaamini. Mutu wa kaske haamini. Ukimuuliza, atakujibu vizuri. Ni sehemu tu ya ndani yake yenye haikuulizwa, ile yenye haijue kusoma na haijue mwaka gani tuko, njo imekubali.

Kuzama, na kuwa pale

Watafiti wanatenganisha vitu viwili vyenye mu mazungumuzo vinachanganywa. Cha kwanza ni kuzama. Kuzama ni kazi ya mashini: ekrane inafunika macho kiasi gani, sauti inatoka upande wake ao hapana, picha inafuata kichwa kwa mbio gani. Unaweza kupima kuzama bila kumuuliza mutu kitu, sawa vile unapima upana wa mulango. Cha pili ni kuwa pale. Hicho kiko ndani ya mutu: kusikia kwamba uko mahali penye picha inaonyesha, hata kama unajua vizuri kwamba uko kwenye kiti yako. Mulango unaweza kuwa mupana na mutu asiingie. Tena mwingine anaingia na mulango mwembamba.

Mel Slater, mwalimu wa Uingereza mwenye amefanya kazi hii miaka mingi ku London na ku Barcelona, aliandika mu 2009 kwamba kule "kuwa pale" kwenyewe kunasimama juu ya miguu miwili. Muguu wa kwanza: niko mahali hapa. Wa pili: mambo yenye yanatokea hapa yanatokea kweli.

Muguu wa kwanza unategemea mwendo wa mwili. Ukiinama ili uangalie chini ya meza, meza inakuonyesha chini yake? Ukigeuka, kuko kitu nyuma? Mwili unauliza maulizo kama hayo kila sekonde, bila wewe kujua, na shingo, na macho, na mabega. Kama kila mara dunia ya kaske inajibu sawa vile dunia ya kweli ingejibu, ubongo unafunga dosie: niko hapa. Watafiti walilinganisha mu 1999 watu wenye walitembea na miguu yao wenyewe ndani ya picha na wenye walisonga mbele kwa kufinya butoni. Wenye kutembea walisikia zaidi kwamba wako pale. Picha ilikuwa moja. Miguu njo ilifanya tofauti.

Hapa wasikilizaji wa redio wanaweza kusimamisha mukono. Wakubwa wenye walimusikiliza Mufwankolo na kikundi chake, mu Kiswahili cha Lubumbashi, wanajua namna watu wachache mbele ya mikro wanaweza kujenga lupango muzima, na nyumba, na bibi mukali, na deni ya bia. Hakuna ekrane hata moja. Mutu anasikiliza redio ku muryango wa nyumba yake, mboga inaungua ndani, yeye haiko tena Panda, iko mu ile ngomvi. Basi kaske inaleta nini chenye redio haikuleta?

Wanazuoni wenyewe wanakubali kwamba hadithi inabeba mutu. Lakini redio, ukigeuza kichwa, unaona ukuta wako. Hadithi inakuomba uisaidie. Nusu ya ile nyumba ya Mufwankolo ni wewe ulijenga, na matofali yako. Kaske haiombi musaada. Inajibu shingo moja kwa moja. Na juu ya ile inafika mahali kwenye neno halifike haraka: mu magoti, mu tumbo, mu mikono yenye inatafuta kitu cha kushika.

Tumbo, bana, linahitaji habari yake. Watu wengi wanavaa kaske mara ya kwanza na kisha dakika kumi wanataka kutapika. Mwenye amesafiri barabara ya Lubumbashi mu gari yenye imejaa, karibu kilometre 120, ameona jambo kama hilo: mupasenja mwenye anasoma simu njo anatapika, dereva hapana. Dereva anajua kona mbele haijafika, yeye njo anaifanya. Ndani ya sikio kuko chombo cha kupima mwendo na kusimama sawa. Kama macho yanasema "tunaenda" na sikio linasema "tumesimama", tumbo njo linalipa faini. Mu kaske ni vile-vile. Ndiyo maana wenye kutengeneza mashini hizi wanapigania kitu kidogo sana: wakati kati ya kichwa kugeuka na picha kugeuka. Kata sekonde moja vipande 50. Kipande kimoja njo karibu mupaka wenye wanatafuta. Ikipita pale, ubongo unaanza kunusa uongo, na tumbo pia.

Hii inaeleza pia juu ya nini kaske za bei ndogo mara nyingi hazifurahishe. Mu 2014 Google ilileta ile ya karton, unakunja, unaingiza simu yako ndani, na una kaske. Akili ya muzuri, hasa kwa mwenye hana pesa. Lakini simu nyingi za bei ya chini hazina ndani kale kachombo kenye kanapima namna simu inazunguka. Mutu anageuza kichwa, picha inachelewa, ao inabakia palepale. Anasema: "Eti njo hii wanasifu?" Kumbe hajaingia bado. Ameona tu filimu karibu sana na pua.

Macho yenye yanakufuata

Muguu wa pili wa Slater ni mugumu zaidi, sababu hautengenezwe na mashini nzuri peke yake. Dunia ile inapaswa ikujue. Mutu wa mu picha akupishe njia, akuangalie, asikie kama uko.

Mu 2006 Slater na wenzake walirudilia jaribio la zamani la Stanley Milgram, lile la miaka ya 1961 na 1962 mu Marekani, kwenye watu waliambiwa wamupige mwingine na umeme kila anapokosea jibu. Jaribio la Milgram lilileta kelele nyingi, sababu wenye kufanya hivyo waliamini kuko mutu kweli anaumia, na wengi waliumia wao mu roho. Slater akaweka mahali pa mutu bibi mumoja wa kompyuta tu, picha. Watu 34 walishiriki. Wote walijua kwamba bibi yule si mutu. Watu 23 walimuona na kumusikia akilalamika; 11 waliongea naye tu kwa maandishi. Na wale wenye walimuona, mwili wao ulijibu sawa vile mbele ya mutu mwenye kuteswa. Wamoja walisimamisha jaribio mbele ya mwisho. Wamoja walitaka kumusaidia apate jibu. Kwa ajili ya picha! Ukiwaambia hivyo, wangecheka na wewe.

Kongo nayo imeingia mu kazi hii, na kwa njia nzito. Karim Ben Khelifa, mupiga-picha wa vita mwenye asili ya Ubelgiji na Tunisia, kisha miaka mingi ya kupiga picha za vita, alijiuliza picha zile zimebadilisha nini. Akatengeneza kazi yenye inaitwa The Enemy, ni kusema "Adui", yenye ilionyeshwa mu 2017 ku Paris na kisha ku MIT, kule Cambridge karibu na Boston. Mutu anavaa kaske, anabeba kompyuta ku mugongo, anatembea na miguu yake mu salo kubwa. Anakuta wapiganaji wawili-wawili, maadui wa vita moja: Israeli na Palestina, magengi ya El Salvador, na vita vya mashariki ya Kongo. Kila mumoja anaulizwa maulizo yale-yale: adui yako ni nani, juu ya nini, amani kwako ni nini. Anajibu na sauti yake mwenyewe.

Na wakati anajibu, macho yake yanamufuata mwenye anamusikiliza. Ukipita kushoto, anaangalia kushoto. Urefu wake ni wa mutu, anasimama mbele yako, hapana mu ekrane ya ku ukuta. Kwenye televizyo unaweza kula ugali wakati mupiganaji anaongea. Pale hapana, mutu akikuangalia mu macho, kuko adabu yenye inaamka yenyewe.

Lakini ulizo moja linabakia, na watu wa huku wana haki ya kuliuliza kwa nguvu kuliko watu wa Paris. Mwenye alivaa kaske "alikuwa" karibu na vita vya Kongo, kisha akaivua, akaenda kunywa kahawa. Mwenye iko mu picha hawezi kuvua. Kusikia uko pale kunafungua moyo, ndiyo, lakini kunaweza pia kumupatia mutu mawazo ya uongo kwamba sasa anajua. Dakika hamusini si miaka makumi tatu.

Wakenya wa The Nest Collective, ku Nairobi, walijibu ulizo kama hilo kwa njia yao, mwaka ule-ule wa 2017, na filimu ya kaske yenye jina Let This Be a Warning. Mu filimu ile Waafrika wameacha dunia na kujenga makao yao mbali, ku sayari ingine. Mwenye kuvaa kaske njo mugeni, na hakualikwa. Wanamuangalia, na macho yao hayana karibu. Hakuna shimo, hakuna damu, lakini mutu anasikia kwenye ngozi yake namna ya kuwa mahali penye hawamutaki. Ni chombo kile-kile, wamekigeuza tu: pa kumuleta mugeni atuonee huruma, wamemuweka mugeni mu mizani.

Woga wa shimo na kazi ya mugodi

Turudi ku shimo, sababu pale njo kuko jambo lenye linagusa Likasi zaidi.

Mu 1995, Barbara Rothbaum na wenzake mu Marekani walitumia kaske kwa kuponya wanafunzi wenye walikuwa na woga mukubwa wa mahali pa juu. Waliwapandisha mu lifti ya vioo, kwenye madaraja, kwenye mabaraza ya juu, yote ya picha, mara na mara, polepole. Woga ukapunguka, na wamoja wakaenda wao wenyewe kupanda mahali pa juu pa kweli. Dawa ile inafanya kazi namna gani? Mutu anasikia uko pale kweli, moyo unapiga, anangojea kuanguka, na kuanguka hakuje. Kesho tena hakuje. Mwili unajifunza: kumbe hakuna kitu. Kama hangesikia kuwa pale, mwili haungejifunza chochote. Watu wengi leo wanasaidiwa vile, na ni kazi nzuri.

Watafiti wa Chapel Hill nao waliona jambo hilo upande mwingine. Waliwarudisha watu mu chumba cha shimo mara nyingi, siku mbalimbali. Kila mara moyo ulipiga kidogo kuliko mara ya mbele. Haukufika kupiga sawa vile hakuna kitu, lakini ulishuka.

Sasa mutu achukue mambo hayo mawili, ayalete mu mugodi. Mu 2015 chuo kikuu cha Pretoria, mu Afrika Kusini, kilifungua kituo cha picha za namna hiyo kwa wanafunzi wa kazi ya migodi. Faida yake inaeleweka. Mwanafunzi anaweza kusimama "chini", kuangalia dari, kutafuta jiwe lenye limelegea, kukosea, na kesho akawa angali muzima. Mu mugodi wa kweli makosa mengine yanafundisha mara moja tu. Kaske inamupatia mutu ile kitu yenye kitabu hakimupatie: kuzoesha macho na shingo kutafuta hatari mahali penye iko kweli, juu ya kichwa na nyuma, hapana ku ukurasa.

Lakini kaske yenye inafundisha inaweza pia kuvua. Woga wa ukingo ni kinga. Mbele ya kaske ya plastike, woga ule njo kaske ya kwanza yenye mutu alizaliwa nayo. Ukimuweka kijana mara hamusini karibu na shimo la picha, na mara hamusini hakuna kitu kinamupata, umemufundisha nini? Akili yake imesoma kanuni za usalama. Magoti yake yamesoma somo lingine, lile la wagonjwa wa Rothbaum: hakuna kitu. Mugonjwa alihitaji somo lile. Muchimbaji hapana. Kwa hiyo mwalimu wa kweli anaangalia sana kitu chenye kinafuata makosa mu picha: kama muwanafunzi akipita chini ya jiwe lenye limelegea, na programu inamuacha apite akicheka, afazali asingeivaa. Makosa yanapaswa kuwa na bei hata mu picha: giza, sauti, kazi inasimama, anaanza upya. Na katikati ya mazoezi, siku za kwenda mahali pa kweli, na muzee wa kazi kando yake.

Tena kuko vitu vyenye kaske hailete. Uzito wa mufuko ku mugongo. Vumbi mu mapafu. Joto yenye inafanya mutu akose akili saa ya pili. Kamba yenye imezeeka. Mwili unasikia uko pale, lakini ni mwili wenye umepumuzika na wenye umekula.

Na kuko jambo lenye hakuna mashini itafundisha. Shinkolobwe, upande wa magaribi ya Likasi, ilifungwa kwa amri ya raisi mwezi wa 1 mu 2004. Watu waliendelea kuchimba. Mwezi wa 7 mwaka ule sehemu moja ikabomoka, na wachimbaji wakakufa. Mwenye anafikiri waliingia sababu hawakujua kwamba shimo linabomoka, hajaongea na muchimbaji hata mumoja. Wanajua. Magoti yao yanajua kuliko ya mutafiti yeyote. Wanashuka sababu ku nyumba kuko sufuria. Kaske ya macho inaweza kumuamusha mwenye hajui. Mwenye anajua na anashuka, shida yake haiko mu macho.

Watoto, na ile saa umeme unakatika

Wazazi wenye kuona watoto wao wanaazima kaske wajue jambo moja. Mu 2009 Kathryn Segovia na Jeremy Bailenson, wa chuo kikuu cha Stanford, waliandika juu ya watoto wenye walijiona ndani ya picha wakiogelea na nyangumi, wanyama wale wakubwa wa bahari. Kisha siku chache waliwauliza. Watoto wa shule ya musingi wengi walisema kwamba waliogelea na nyangumi kweli. Haikuwa uongo wa kutaka kusifiwa. Walikumbuka. Wakubwa nao wanachanganya ndoto na kweli mara moja moja, lakini mutoto hana bado ukuta munene kati ya hizi mbili. Kampuni Meta, yenye inauza kaske nyingi, inaweka umri wa miaka 10 kwenda juu, na mpaka miaka 12 mukubwa njo anafungua na kusimamia. Kwa mutoto mudogo, dakika chache na mukubwa kando, mwenye kisha anaulizia: "Uliona nini? Na kweli ilikuwa wapi?"

Kwa wakubwa, mambo ya kawaida tu. Ukae kwanza, usisimame. Viti na mbabula vitoke karibu. Kichefuchefu kikianza, vua mara moja, usijifanye mwanaume. Kuvumilia hakusaidie, kunazidisha. Na mutu mumoja abaki bila kaske, amulinde mwenye amevaa, sababu mwenye kukimbia simba wa picha anaweza kugonga ukuta wa kweli.

Slater na mwenzake Anthony Steed walikuwa wanawaomba watu, mu majaribio yao, waseme kila mara wanaporudi: ni kusema, ile sekonde yenye mutu anakumbuka kwamba iko mu labo, juu ya waya yenye imemugusa muguu ao sauti ya inje. Wanahesabu zile marudio, wanajua mutu alikuwa pale kiasi gani. Huku Likasi hakuna haja ya kuhesabu na karatasi. Umeme unakatika, kompyuta inazimika, na ndani ya kaske kunabakia giza tu. Mutu anasimama vile kidogo, haivue bado, na mukono wake unaenda polepole mbele kutafuta ukuta.